Chumvi ya Mota

Jana nilikwenda shuleni kwa binti yangu nikasema maneno ambayo mama mwenye mtoto mgongoni hapaswi kuyasema mbele ya darasa. Sijutii hata moja. Mtoto wa miaka saba ameangusha chupa ya wino ya mwalimu, chupa imepasuka, mwalimu ameuliza nani, darasa zima limeangalia chini, na yeye peke yake akasimama akasema, "Ni mimi, mwalimu." Akachapwa fimbo sita. Nikamwuliza yule bwana, "Leo umewafundisha kuandika au umewafundisha kudanganya?" Akanijibu kwamba hiyo ni nidhamu. Nikamwambia nidhamu yake aitie kwenye chupa, kama itakaa.

Nilifika nyumbani bado nagombana naye kichwani. Nikabandika viazi, nikatia chumvi kwa hasira, nyingi kuliko inavyotakiwa, na maji yalipofoka mvuke wake ukanipiga usoni. Nikakaa chini palepale, mwiko mkononi. Mtaniambia chumvi haina harufu. Ya kwenye kikopo haina. Lakini maji ya chumvi yanapochemka yana harufu, na mimi ile naijua tangu nikiwa na kimo cha meza. Kwangu si harufu ya chakula. Ni harufu ya kazi ya wazazi wangu, na ya siku ambayo mimi nami nilisimama nikasema, "Ni mimi."

Kinu walichofanyia kazi kilikuwa Gisenyi, kando ya mto Sebeya, pale ambapo mto unashuka kwa kelele kabla haujatulia na kuingia ziwani. Mwenye kinu alikuwa mzungu mwembamba, mvutaji wa kiko. Mji mzima ulimwita Bwana Kikohozi, kwa sababu kikohozi chake kilifika mahali kabla yake. Alikuwa amechimba mfereji kutoka mtoni, maji yakaanguka kwenye turubini, turubini ikazungusha mashine ya umeme, na umeme ukaja kwa nyaya mpaka kwenye mota kubwa nyeusi iliyosaga mahindi na mtama wa nusu ya mji. Watu walikuja kutoka mitaa yetu ya Waswahili, walikuja kutoka Cyanzarwe na mizigo kichwani, wengine walivuka mpaka kutoka Goma. Hakuna aliyejali umeme ulitoka wapi. Walitaka unga, tena walitaka upesi.

Baba yangu, Musa, ndiye aliyekuwa akiwasha mota. Watoto wetu wanadhani mota inawashwa kama taa, unabonyeza na kuondoka. Ile ilikuwa kubwa, na mto wetu ulikuwa mdogo. Ukiipa umeme wote kwa mara moja ilikuwa inaruka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, inaunyang'anya mto nguvu zake zote, na kitu lazima kikatike. Kwa hiyo kulikuwa na pipa. Nusu ya pipa la mbao, limejaa maji yenye chumvi, na juu yake mabamba matatu ya chuma yamening'inia kwenye kamba iliyopita kwenye kapi. Umeme wa mota ulilazimika kuvuka maji yale. Mabamba yakiwa juu, yamegusa maji kidogo tu, umeme ulivuka kwa shida na mota ikaanza kuzunguka kivivu. Baba alishusha kamba kidogo, mabamba yakazama kidogo, umeme ukaongezeka, mota ikachangamka. Akashusha tena. Maji yalipata moto, mvuke ukapanda, na kila kitu mle ndani, unga, magunia, nguo za Mama, kikanuka chumvi moto.

Chumvi ilipimwa na Mama, maana ikizidi umeme unavuka wote kwa mkupuo, ikipungua hauvuki. Kila asubuhi, kabla Baba hajagusa swichi kubwa ya ukutani, Mama aliinama kwenye pipa, akachovya kidole, akaonja, akatema. Akaongeza gao moja, chumvi ya kujaa kiganja, kutoka kwenye debe la chumvi lililokaa kwenye rafu, au akaongeza maji ya mfereji. Kisha akaenda kukaa kwenye mdomo wa kinu, pale unga unapotoka, kushika magunia.

Na hapo ndipo kulikuwa na jambo nililoliona kila siku bila kulielewa. Baba alipokuwa akiwasha, hakuiangalia mota. Hakuangalia hata ampuli ya taa iliyoning'inia ukutani, ambayo Bwana Kikohozi aliiweka makusudi ili ififie mto ukianza kulemewa. Baba alimwangalia Mama. Na Mama, gunia kwenye magoti, alikuwa akimwonyesha vidole. Kidole kimoja, Baba anashusha kidogo. Ngumi, Baba anangoja. Kiganja wazi kuelekea chini, Baba anaachia kamba yote, na mota inaimba. Mimi niliamini huo ni mchezo wa watu waliooana. Wateja nao waliamini hivyo hivyo, na hawakuacha kuwatania.

"We Musa, angalia mashini!" alipenda kupiga kelele mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuvusha ziwa. "Muke hatakimbia, iko na gunia ku magoti!"

Watu walicheka. Baba hakucheka. Baba alikuwa mtu wa kimya, na alipozungumza alizungumza chini chini, maneno mawili matatu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Nilimwona mkali. Nilimwita mara nyingi akiwa amenipa mgongo, na hakugeuka. Mama alikuwa amenipa sheria: "Ukimtaka baba yako, njoo kwanza kwangu." Nikadhani ndiyo heshima, kwamba baba haitwi hovyo hovyo, kwamba baba ni kama ofisi na Mama ndiye mlango wake.

Ukweli, ambao nilikuja kuujua pamoja na kila mtu, ni kwamba miaka ya kusimama kando ya kinu ilikuwa imeyala masikio ya baba yangu. Hakusikia tena mota. Hakunisikia mimi. Na mota ile bila masikio haiwashwi, kwa sababu ampuli inakuambia tu kwamba mto umechoka. Kwamba mota imeshika mwendo au bado inahangaika, hilo unalijua kwa sauti. Mama ndiye aliyesikia. Baba alikuwa mikono. Na ilikuwa lazima ifichwe, maana Bwana Kikohozi alishamfukuza mfanyakazi wa mfereji kwa kuharibikiwa jicho moja, na maneno aliyomwambia yalijulikana mji mzima: "Mashini inataka mutu muzima." Nyumba yetu, vyumba viwili nyuma ya kinu, ilikuwa nyumba ya kazi. Kazi ikienda, na nyumba inakwenda.

Sasa nifuateni Mudende kidogo, kwa baba yake Mama, ambako nilipelekwa likizo kila mwaka. Babu alikuwa na ng'ombe wanne wenye pembe ndefu, na alichonifundisha babu kuhusu ng'ombe ni chumvi. Ng'ombe akikonda, chumvi. Akikataa kutembea, chumvi. Akiwa na hasira na maziwa yamepungua, babu alikoroga chumvi kwenye maji ndani ya hori la mbao, akampigia mluzi, na ng'ombe akaja mwenyewe, akanywa macho yamefumba, na kesho yake alikuwa mnyama mwingine. Niliona kwa macho yangu. Basi niliporudi mjini nikamkuta Mama anatia chumvi kwenye maji ndani ya chombo cha mbao, na ubavuni kuna kitu kikubwa cheusi chenye joto kinachonguruma, mnadhani nilifikiri nini? Nilielewa kila kitu. Mle ndani ya chuma kulikuwa na ng'ombe. Nilishangaa tu kwa nini Mama alikuwa mchoyo. Gao moja! Babu angeona aibu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Sebeya ilipungua mpaka mawe yakatoka mgongo. Mota ikawa inawaka kwa shida, siku nyingine ilinguruma ikazima, mara mbili, mara tatu, na wateja walirudi na mahindi yao mazima wakinung'unika. Habari zikamfikia Bwana Kikohozi. Siku moja mchana Mama alikuwa akifua nyuma ya nyumba pamoja na shangazi yangu, nami nilikuwa nachezea povu.

"Kesho anakuja mwenyewe," Mama alisema. "Anataka kuona Musa anavyowasha."

"Na ikikataa?" shangazi akauliza.

"Ikikataa mbele yake, wifi, utuandalie mkeka. Tunakuja kulala kwako wote watatu."

"Yesu na Maria!" akasema shangazi, yeye Mwislamu aliyesali sala zote tano, kwa mshtuko tu, na Mama akacheka huku anafuta macho kwa kiwiko. Nilijua alichokifuta hakikuwa povu.

Nilikaa na jambo lile mpaka asubuhi. Ng'ombe amekonda kwa kiangazi, kila mtu analiona hilo, na hakuna anayempa chumvi ya kutosha. Kwa ajili hiyo tutafukuzwa nyumbani. Haikuwa utundu, nasema wazi, na mtu asiniambie leo kwamba ilikuwa utundu. Ilikuwa huruma, na hesabu ya mtoto aliyemwamini babu yake.

Asubuhi Mama aliingia kinuni mapema kuliko siku zote. Akachovya kidole, akaonja, akatema, akafikiri, akatoa maji kidogo, akatia ya mfereji, akaonja tena. Akaridhika. Akatoka nje kupanga wateja, maana walikuwa wengi, habari ya Bwana kuja ilikuwa imewaleta hata wasio na mahindi. Baba alikuwa juu kwenye mfereji akitoa majani. Mpini wa swichi ulikuwa chini, umeme umekatwa, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka, kwa sababu mimi sikujua hata kwamba kuna kitu cha kuangalia. Nilipanda kwenye gunia, nikashusha debe la chumvi, lililokuwa limebaki robo tu, kutoka kwenye rafu, nikalimimina lote pipani. Nikakoroga kwa mti wa ufagio. Nikapiga mluzi kama babu. Kisha nikaupapasa ubavu wa mota, baridi bado, nikamwambia kwa Kinyarwanda anywe taratibu.

Baba alikuwa ameshashuka na kusimama pipani kikohozi kiliposikika njiani. Watu wote waligeuka isipokuwa mmoja.

Bwana Kikohozi aliingia, kofia mkononi, akasimama nyuma ya Baba. Mama akakaa mahali pake, gunia kwenye magoti. Baba akapandisha mpini wa swichi. Akashika kamba. Akamwangalia Mama, na Mama akanyanyua kidole kimoja.

Mabamba yaligusa maji tu, kugusa tu, na mota ikaruka. Sijui niseme vipi. Sakafu ilipiga miguu yetu. Mama alikunja ngumi, aliikunja haraka kama mtu anayekamata nzi, lakini Baba alikuwa ameshashusha kidogo kile alichoshusha kila siku, na maji yakatoa sauti ya kukaanga. Ampuli ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikazimika. Mkanda mkubwa wa ngozi, ule uliounganisha mota na kinu, ukakatika, ukapiga ukuta, ukaangusha magunia mawili, na unga ukajaa kinu kizima, hatukuonana. Muuza sambaza alikuwa akipiga kelele kwamba amekufa. Alisema mara nyingi, kwa hiyo tukajua mzima.

Baba alivuta kamba juu, akashusha mpini. Mota ikasimama. 

"Nani alikuambia ushushe mbio vile?" Bwana Kikohozi aliuliza, mgongoni mwa Baba.

Baba alikuwa akimwangalia Mama.

"Musa. Minakuuliza."

Baba alikuwa akimwangalia Mama bado, nyusi zimepanda, akingoja vidole. Unga ulikuwa unatua juu ya watu wote. Bwana Kikohozi akasogea, akapiga makofi mawili makubwa karibu kabisa na kichwa cha Baba, kama unavyofukuza kuku. Sisi wote tuliruka. Baba hakupepesa hata jicho.

Ndipo nilipojua. Si kwa kuelezwa. Zile mara zote nilizomwita akanipa mgongo zilipita mbele yangu moja moja, na nikaona kwamba hazikuwa ukali.

"Haisikie," alisema Bwana Kikohozi polepole. Akamgeukia Mama. "Haisikie hata kidogo?"

Mama angeweza kudanganya. Vidole vyake vilikuwa vimezoea. Lakini aliiweka mikono yote miwili juu ya gunia ikatulia.

"Hasikii, Bwana. Tangu masika mawili yaliyopita."

"Na mashini? Nani anawashaka?"

"Mimi nasikia. Yeye anashusha."

"Donc munanidanganyaka. Miaka mbili, mbele ya macho yangu." Hakupiga kelele, Kifaransa chake tu kilimponyoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bon. Mufunge vitu vyenu. Mashini inataka mutu muzima."

"Tutafunga," alisema Mama akisimama. Alikuwa mweupe wa unga kutoka kichwani, macho tu ndiyo yaliyobaki ya rangi yake. "Lakini yale maji si yangu. Nimeyaonja asubuhi. Mota hairuki hivyo kwa maji yangu."

"Sasa unasema maji!"

"Nasema maji, Bwana. Kuna kitu kwenye maji."

"Kila mutu anayeharibu kazi anasema kuna kitu," alisema Bwana, akavaa kofia yake.

Nilikuwa nyuma ya magunia. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hakuna aliyenishuku. Ningekaa kimya, tungefunga vitu, na mpaka leo hakuna ambaye angejua. Nilikuwa na miaka saba na niliogopa. Nikatoka, debe tupu mkononi, sijui kwa nini nilikuwa bado nimelibeba.

"Ni mimi."

"Wewe nini?" aliuliza Bwana.

"Nimempa chumvi. Yote."

"Umempa nani?"

"Ng'ombe," nikasema, nikaonyesha mota. "Alikuwa amekonda."

 Kisha muuza sambaza akamwita Mungu kwa Kinyarwanda, "Mana we," akaziba mdomo kwa mtandio wake.

Mama hakuja kunipiga. Alikuja akanishika mikono, akaigeuza, akaangalia viganja, akaangalia vidole kimoja kimoja, akaniuliza kwa sauti nisiyoijua, "Mpini ulikuwa juu au chini? Ulipomimina, mpini ulikuwa juu au chini?" Nikasema chini. Akavuta pumzi iliyotoka mbali, akakibana kichwa changu tumboni mwake. Leo, nikiwa na wangu, naijua pumzi ile. Alikuwa amemaliza kunizika na kunifukua.

"Muchape huyo mutoto," alisema Bwana Kikohozi. "Muchape hapa, mbele ya watu, ajue."

"Simchapi."

"Amevunja mashini yangu!"

"Amesema kweli, Bwana. Hakuna aliyemuuliza na amesema. Nikimchapa leo, kesho ataficha, na kesho labda mpini utakuwa juu." Akanisukuma nyuma yake. "Ukitaka kuchapa mtu, mimi niko hapa. Mimi ndiye niliyemficha mume wangu. Mtoto hajaficha kitu."

Na wakati maneno haya yote yakipita juu ya kichwa chake, baba yangu, ambaye maisha yake ndiyo yaliyokuwa yakijadiliwa, hakuwa ameyasikia hata moja. Tulipogeuka tulimkuta amechuchumaa kwenye unga. Alikuwa amezitafuta ncha mbili za mkanda, amezikata zikae sawa kwa kisu chake, ametoboa matundu, na sasa anazishona kwa ukanda wa ngozi, mshono wa kupishana, anavuta kwa meno. Alikuwa ameshafika nusu. Hakuna mtu mwingine pale Gisenyi aliyejua kushona mkanda ule. Bwana mwenyewe, ulipokatika mara ya kwanza, alikuwa ameagiza mwingine kutoka mbali na kinu kikalala wiki tatu.

Bwana Kikohozi alisimama akaangalia. Akakohoa. Akaangalia tena.

"Maji hayo," akasema hatimaye, bila kumwangalia Mama. "Yanaweza kutengenezwa?"

"Yanaweza."

"Fanya."

Mama alienda kwanza ukutani, akaugusa mpini kwa macho na kwa mkono, chini, kisha ndiyo akarudi pipani. Akachovya kidole, akaonja, na uso wake wote ukakunjamana. "Ayiii! Hata ng'ombe angeikataa hii!" Watu wakaanza kucheka kwa woga. Akaamuru ndoo. Muuza sambaza aliweka chini kapu lake akawa wa kwanza kuchota. Ndoo tano za maji ya chumvi zilitoka, tano za mfereji zikaingia. Mama akaonja. Akatoa mbili zaidi, akatia mbili. Akaonja.

"Unapimaka na ulimi?" aliuliza Bwana Kikohozi.

"Na supu kwako inapimwa na nini?"

Sasa walicheka kweli, hata yeye kona moja ya mdomo ilisogea.

Baba alimaliza mshono, akarudisha mkanda kwenye magurudumu yake, akaupiga kwa kiganja kuona kama umekaza. Akapandisha mpini. Akaenda kwenye kamba. Alimwangalia Mama, akamwangalia Bwana, akaniangalia mimi na debe langu, akawaangalia wale watu wote waliokuwa wakimtazama masikio. Baba hakuwa mjinga. Alikuwa ameelewa kwamba siri imetoka. Mwanaume mwingine, na nawajua wengi, angeishikilia ile kamba mpaka mwisho ili tu ionekane iko mkononi mwake. Baba alinyoosha mkono, akampa Mama kamba. Yeye akaenda kwenye mdomo wa kinu, akakaa, akachukua gunia, akaliweka kwenye magoti.

Mama alishusha. Alifumba macho kabisa. Mota ikaguna. Ampuli ikafifia, ikawa njano, ikatetemeka, na Mama akasubiri, akasubiri mpaka mimi nikataka kulia, kwa sababu mto ulikuwa mdogo na ulihitaji muda. Ampuli ikarudi. Akashusha kidogo. Ikafifia, ikarudi. Hakumwangalia mtu, hakuonyesha vidole, masikio na mikono vilikuwa vya mtu mmoja, na niliona uso wake ukilegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyobana. Alipoachia kamba yote mota iliimba, na mvuke ukapanda juu ya kichwa chake.

Bwana Kikohozi alisimama mpaka gunia la kwanza likajaa. Alimwangalia Baba akilifunga mdomo, akatazama ule mshono wa mkanda ukipita, ukipita, haushtuki.

"Kesho mapema," akamwambia Mama. "Maji iko inapungua. Mutaanza mbele ya jua."

"Wote wawili?" Mama akauliza. Alitaka lisemwe.

"Wote wawili," akasema Bwana Kikohozi, akaondoka na kikohozi chake.

Nawashukuru wote, nasema hivyo nikiwa bado na hasira za jana. Namshukuru hata yule mzungu, aliyekuwa na haki ya kutufukuza na akatumia macho yake badala yake. Namshukuru muuza sambaza na ndoo zake. Namshukuru Mama zaidi, kwa ile "simchapi", kwa sababu mimi nimesoma mpaka sekondari, nimefundishwa na watu wenye vyeti, na hakuna aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko neno hilo moja lililosemwa na mwanamke aliyekuwa ameshafukuzwa kazi.

Lakini ninachokihifadhi ni kilichofuata. Baba alikuwa hajajua bado kisa chenyewe. Aliinuka, akamvuta Mama nguo, akanionyesha mimi kwa kidevu, akauliza kwa kile kisauti chake cha chini, "Amefanya nini huyu?"

Mama alijaribu kumweleza kwa midomo. Kinu kilikuwa kinasaga, hakuna kilichopita. Basi akaondoka pipani, akasimama katikati ya kinu mbele ya watu, akanyanyua mikono yake miwili juu, imepinda, pembe ndefu za ng'ombe wa Mudende. Akatoa ulimi, akalamba kiganja. Akaonyesha debe. Akanionyesha mimi. Akaonyesha mota.

Baba aliangalia mota. Akaniangalia mimi. Kitu kikaanza kwenye mabega yake.

"AMEIPA CHUMVI KAMA NG'OMBE?" alipiga kelele, na watu waliokuwa nje kwenye mfereji wakageuka. "MOTA? ALIDHANI NI NG'OMBE?"

Akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko cha baba yangu, sikujua hata kama anacho. Kilikuwa kikubwa kupita kiasi, hakikuwa na mpangilio, kilipanda juu ya kinu na juu ya mota na juu ya mto, kicheko cha mtu asiyejua sauti yake inafika wapi na ambaye, kuanzia asubuhi ile, hakuwa na sababu ya kujua. Alinikamata akaniweka begani, nimejaa unga, bado na debe, na akaendelea kucheka hivyo hivyo, mdomo wazi, mbele ya mji mzima.